Vitu vya Mama Kahindo

Kwa miaka sita Kataliko alimbembeleza mama yake ahamie Lubumbashi, na kwa miaka sita mama alikataa. Kila alipopigiwa simu Butembo alikuwa na sababu mpya: mara kuku wanaatamia, mara kaburi la baba yenu nitamwachia nani, mara huko kwenu maji yana ladha ya shaba. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa nne akapiga yeye mwenyewe, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kupoteza vocha yake.

"Kataliko," alisema, "nimechoka kulala na viatu."

Kataliko hakuuliza zaidi. Alijua watu wa kwao walivyolala miaka ile, fungu la nguo karibu na mlango na masikio nje, wakingoja mlio wa kwanza wa risasi ili wakimbie. Mama Kahindo alikuwa na miaka sabini na sita. Magoti hayakuwa tena ya kukimbia.

Jioni ile ile Josée, mke wa Kataliko, alianza kuondoa vitu katika chumba kilicho karibu na bafu, katika nyumba yao ya Makomeno. Alikipaka rangi ya maziwa, akashona mapazia, akamwambia binti yao Jemima asiingie na viatu vyenye matope kwa sababu pale ni kwa kambo, yaani bibi yake.

Kataliko alikuwa msafirishaji. Alifika Lubumbashi kijana, na marobota mawili ya mitumba, na sasa alikuwa na malori matatu. Lile alilolipenda kuliko yote lilivuta remorki, trela nyeupe ya sanduku, iliyofungwa pande zote kama nyumba isiyo na madirisha, yenye milango miwili nyuma. Mlango ukishafungwa, wakubwa wa forodha huupiga plombi, kile kifungo cha chuma chenye namba, na hakuna mkono unaogusa mzigo mpaka mwisho wa safari. Mwezi ule remorki hiyo ilikuwa imepeleka vitanda vya hospitali ya kanisa huko Butembo, na katika kurudi ilikuwa ipakie magunia ya kahawa. Kataliko aliagiza nafasi ya nyuma, karibu na mlango, iachwe kwa vitu vya mama.

Butembo na Lubumbashi ni Kongo moja, bendera moja, lakini lori haliwezi kukata katikati ya nchi, barabara zilishakufa. Linatoka kwa mpaka wa Kasindi, linazunguka Uganda, linateremka Tanzania yote, linavuka Zambia, ndipo linaingia tena nyumbani kwa mlango wa Kasumbalesa. Wiki tano, wakati mwingine sita. Anayekuwa kwenye usukani ni Faustin, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo, aliyemfanyia Kataliko kazi miaka kumi na mmoja bila kupoteza hata katoni moja.

Siku ya kupakia, Faustin alipiga simu.

"Patron, iko katatizo kadogo."

"Bintu bimekatala kuenea?"

"Bintu byote bimeenea. Ni mama. Amepanda mu kabini, anakatala kushuka. Anasema atakwenda pamoja na bintu byake."

Kataliko alicheka. Mama akachukua simu.

"Mwanangu, niko bien hapa. Hiki kiti kinashinda cha kanisa. Huyu Faustin anasema iko hata kitanda nyuma."

"Mama, ni wiki tano. Utalala mu parking pamoja na bashofere. Na kule njia ya Kasindi banashambuliaka malori."

"Hata manyumba banashambuliaka."

"Mama."

"Mimi ndege naiogopa, Kataliko. Sijawahi."

"Utapanda ndege. Yannick atakupeleka Beni mu taxi, ni saa mbili tu, utapanda, utalala, utaamuka kwangu. Nimesema."

Alisikia pumzi yake kwenye simu, pumzi ya mtu anayefikiri. "Haya," mama alisema. Kataliko akarudi kwenye makaratasi yake, moyo umetulia, kama mtu aliyemwokoa mzee na upumbavu wake.

Lori lilipita njia ya Kasindi katika msafara wa wanajeshi, halikuguswa hata na jiwe.

Siku ya tisa baada ya hapo, Yannick, mdogo wake Kataliko, alikodi taxi, akamweka mama kiti cha mbele ili asitapike. Mvua ilikuwa imenyesha. Katika mteremko breki ziligoma, gari likaacha barabara likaingia bondeni. Yannick alivunjika mkono. Dereva alitoka mzima. Mama Kahindo alifia njiani kabla ya kufikishwa hospitali, na pochi yenye tiketi ya ndege ilikuwa bado kwapani.

Kataliko alipokea habari akiwa depo, Kamalondo, amesimama kati ya mafundi waliokuwa wakibadili tairi. "Yaya," Yannick alisema, kama alivyozoea kumwita kaka yake, kisha akashindwa kuendelea, na kule kushindwa kulitosha. Mafundi walimwona patron wao akikaa chini, juu ya tairi lenyewe, akishika simu kwa mikono miwili kama bakuli.

Ndege ya kwanza yenye nafasi ilikuwa baada ya siku nne, na mwili haukuweza kungoja. Walizika siku ya pili. Kataliko alifuata maziko katika simu, sebuleni, Josée kulia kwake na Jemima kushoto. Wakati wa kushusha jeneza picha iliganda. Iliporudi, alichoona ni migongo ya watu wakiondoka.

Watu wa kanisa walikuja, walikaa, waliimba, walikula, walikwenda. Kataliko aliwashukuru mmoja mmoja. Lakini habari ya mama kupanda kabini na kukataa kushuka hakumwambia mtu, hata Josée. Ilimkaa kama mfupa wa samaki kooni, ukimeza unachoma, ukikohoa unachoma.

Na lori lilikuwa bado linakuja.

Faustin, kama kawaida yake, kila mpaka alituma picha ya plombi na maneno mawili matatu. Kutoka Uganda: *Patron, tuko bien. Mama alishafika? Mumusalimie.* Kutoka Tanzania: *Mumuambie mama kabati yake haijatikisika hata kidogo, niliifunga na kamba mara mbili.* Kutoka mpaka wa Nakonde, kwenye foleni ndefu ya kuingia Zambia: *Mama anaonaje Lubumbashi? Baridi ya mwezi wa sita itamukumbusha kwao.*

Kila mara Kataliko alianza kuandika ukweli, kila mara aliufuta. Alijiambia kwamba mtu aliyevunjika moyo hapaswi kushika usukani wa tani thelathini. Ilikuwa sababu nzuri, na haikuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba mahali fulani barabarani kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake mama alikuwa bado hai, amekaa kwenye chumba cha rangi ya maziwa, analalamikia maji. Kataliko hakutaka kumpoteza mtu huyo. Akajibu: *Merci, Papa Faustin. Endesha pole pole.*

Lori lilifika Kasumbalesa Jumatano. Kataliko aliendesha mwenyewe kutoka Lubumbashi, akapita malori yaliyopangana kilomita baada ya kilomita, mpaka akaliona sanduku lake jeupe, limegeuka jekundu kwa vumbi. Faustin aliruka chini. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, meno yote nje.

"Patron! Na mama? Alishazoea?"

"Tuende kwanza kwa dwane," Kataliko alisema. "Makaratasi."

Katika ofisi ya forodha aliwapokea mama mmoja wa miwani, mwenye sauti ya taratibu. Alipekua faili ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi.

"Kahawa iko sawa. Sasa hii ingine, vyombo vya nyumba. Ni ya huyu Kahindo. Mwenyewe iko wapi? Anapaswa kusinye karatasi, juu ni bintu byake yeye, ametoka nabyo Kongo na anaingia nabyo Kongo."

Faustin alijibu kabla Kataliko hajafungua mdomo, kwa fahari, kama anayemsifu mama yake mwenyewe. "Mwenyewe alishafika zamani, mama! Iko Lubumbashi. Alikuya na ndege."

"Bien. Mumulete kesho asubuhi, tumalize."

Kataliko alitazama meza. Palikuwa na kikombe cha chai na biskuti iliyoumwa mara moja.

"Hataweza kuja," alisema.

"Anagonjwa?"

"Alikufa."

Aliona, kwa pembeni, Faustin akigeuka.

"Alikufa mwezi uliopita. Ile ndege hakuipanda. Taxi ilianguka mu njia ya Beni. Tulisha kumuzika."

Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume, king'ora chake kikilia. Yule mama wa forodha aliweka kalamu chini, akavua miwani. "Pole sana, papa," alisema. Kisha, kwa kuwa sheria haina msiba, akaeleza kinachohitajika: cheti cha kifo, na mrithi asaini. Kataliko alikuwa na picha ya cheti katika simu. Waliichapa pale pale. Akaulizwa yeye ni nani kwa marehemu.

"Mutoto wake."

Mama yule akaandika *mwana*, akamgeuzia karatasi.

Faustin alikuwa ameshatoka. Kataliko alimkuta nyuma ya remorki, amesimama akitazama plombi, kofia mkononi.

"Wiki nne," Faustin alisema bila kumwangalia. "Wiki nne nilikuwa naomba rozari kila asubuhi juu yake. Azoee muji. Magoti yake ipone. Nilikuwa naombea afya ya muntu iko mu udongo. Kwa nini, patron?"

"Sikuweza, Papa Faustin."

"Miye nilikuwa na haki ya kulia pamoja na benzangu."

Kataliko alisogea akasimama kando yake.

Ilibidi mlango ufunguliwe wakague. Koleo la chuma lilikata plombi, milango ikavutwa, na kabla hajaona kitu chochote Kataliko alipigwa na harufu. Kahawa, ndiyo. Lakini juu yake moshi wa kuni za jikoni kwa mama, sabuni ya magadi, mafuta ya mawese, ile harufu ya nguo zilizokaa sandukuni na majani ya kufukuza nondo. Remorki ilifungwa Butembo asubuhi ambayo mama alikuwa hai, na haikufunguliwa tena hadi pale. Hewa ya nyumba yake ilikuwa imesafiri nchi nne bila kutoka. Kataliko aliishika nguzo ya mlango.

"Mufunge," alisema. "Tafadhali. Mufunge."

Yule mama wa forodha alichungulia, akahesabu kwa macho kutoka nje, akaweka alama kwenye karatasi yake. "Byote binaonekana," alisema. "Mufunge."

Lori likaingia Makomeno siku iliyofuata, likaegeshwa uani. Na Kataliko akachukua ufunguo wa kufuli akautia mfukoni.

Siku tatu hakumruhusu mtu kuligusa. Asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya milango ile, akarudi ndani. Josée alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Siku ya nne akaja Sylvain, mwenye ile kahawa na kiwanda kidogo cha kuikaanga kule Kamalondo. Alivua kofia, alitoa pole, alikunywa maji aliyopewa. Mwisho ikambidi aseme.

"Kaka Kataliko, mu ile sanduku, na hili jua la mchana, kahawa itaoza. Ningekuwa na namna ingine nisingekuya."

Hakukuwa na namna nyingine. Kilichopakiwa mwisho hushushwa kwanza. Kahawa ilikuwa nyuma ya vitu vya mama, na hakuna njia ya kuifikia ila kupitia kwake. Kataliko alimpa Josée ufunguo.

"Fungua weye," alisema. "Miye siwezi."

Josée alifungua. Hewa ilitoka, ikachanganyika na moshi wa makaa wa jirani na vumbi la Makomeno, na baada ya dakika chache haikuwepo. Kataliko alisimama uani akaivuta puani mpaka hakikubaki kitu cha kuvuta.

Majirani na watu wa kanisa wakashusha. Viti vinne. Kinu na mchi. Kitanda cha mbao, miguu imefungwa vitambaa isikwaruzwe. Kabati, kamba mbili, haikutikisika hata kidogo. Magunia mawili ya maharage, ambayo wadudu walikuwa wameshayaanza. Kila kitu mama alikuwa amekibandika kipande cha karatasi, maandishi makubwa ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. *Viti ya sebule. Kinu ya Josée asitumie mashini. Shuka ya Jemima akiolewa.* Jemima, miaka kumi na minne, alisoma karatasi ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa sauti ndogo zaidi, na ya tatu aliiingiza ndani ya blauzi yake akakimbilia ndani.

Sanduku la bati ndilo lililowamaliza wote. Josée alilifungulia sebuleni ili atoe nguo zipate upepo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kitenge kipya na kilemba cheupe kilichopigwa pasi. Karatasi yake ilisema: *Hii ni ya siku yangu.*

Alikuwa amejiandaa kufia Lubumbashi. Alitanguliza nguo zake za kuzikwa pamoja na viti na maharage, kwa sababu ndiko alikokuwa anakwenda. Na Butembo, siku ile, walipotafuta cha kumvika hawakukiona, wakamvika kitenge cha kuazima cha jirani. Josée alikaa chini sakafuni akaweka kile kilemba mapajani, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, hata watu waliokuwa uani wakaweka chini walichobeba.

Kataliko hakuingia. Alipanda ndani ya remorki, katika nafasi iliyobaki wazi mbele ya magunia ya kahawa, akakaa sakafuni akiegemea ukuta wa bati. Faustin akapanda akakaa mkabala naye. Wanaume hawa wawili hawakuwa wameongea vizuri tangu Kasumbalesa.

"Alisema nini?" Kataliko aliuliza. "Wakati alishuka mu kabini. Alisema kitu?"

"Patron, wacha."

"Uniambie."

Faustin alijisugua uso kwa viganja. "Nilimushika mukono ashuke. Alichukua pochi yake. Akasema, 'Zamani nilikuwa nasema, yeye anatii. Sasa yeye amekomaa, anasema, na miye natii.' Akacheka. Hakukasirika, patron. Alicheka na akanipa ndizi za njia."

Kataliko alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubali hukumu aliyosomewa katika lugha anayoielewa vizuri.

Alasiri simu ililia. Ilikuwa Yannick, kutoka Butembo. Alitaka kujua kama mzigo umefika salama. Kataliko alisema umefika. Alisema kabati nzima, viti vizima. Kisha, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena ya kubeba, akasema lile lingine.

"Yannick, kuna kintu sikukuambia. Mama alitaka kuja na lori. Alikuwa amekaa tayari mu kabini. Ni miye nilimukatalia. Ni miye nilimutuma mu ile taxi."

Yannick akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Yaya, muji muzima unajua. Alitembea nyumba kwa nyumba siku nane. Alikuwa anasema, 'Mutoto wangu amekatala nitikiswe mu lori kama gunia. Anataka nikuye mu anga kama askofu.' Alijivuna mpaka bantu bakachoka."

Kataliko alifunga macho. Angevumilia vizuri zaidi kama mama angekuwa amemlalamikia.

"Na miye pia," Yannick aliendelea, na sauti ikaanza kumkatika, "miye pia sikukuambia. Pale stesheni kulikuwa na taxi mbili. Moja ilikuwa chafu, kioo imepasuka. Nilisema mama yangu hawezi kupanda uchafu. Nikachagua ile ingine, juu ilikuwa imeoshwa. Ni miye nilichagua, Yaya. Ile chafu ilifika Beni."

Kataliko hakusema kwamba si kosa lake, kwa sababu Yannick naye hakuwa amemwambia hivyo, na wote wawili walijua kwamba maneno hayo hayasaidii. Alisogea mpaka mlangoni mwa remorki, akakaa miguu ikining'inia nje. Uani Sylvain alikuwa amefika na vijana wake wa kubeba magunia, wamesimama pembeni wakingoja ishara yake.

"Mukono unakuuma bado?" aliuliza.

"Usiku tu."

"Usibebe kintu kizito."

"Hapana, Yaya."

Hakuna aliyetaka kukata. Kataliko alisikia jogoo wa Butembo kwenye simu, na mtu akimwita Yannick kwa mbali, na Yannick hakuitika. Alimwashiria Sylvain kwa mkono kwamba sasa wanaweza kupanda, wachukue kahawa, akajisogeza kando kuwapa njia, simu bado sikioni, akimsikiliza mdogo wake akilia.